Vidonge Vilikwenda Wapi

Bwenini, 2 Februari

Kaka mpendwa,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Wenzangu wakifumba macho kusali, mimi nafumba pia, lakini sisali. Nasikiliza wanavyosali wao. Nasikiliza nani amepanga maneno vizuri, nani amerudia "Baba" mara nyingi mno, halafu wakisema amina nasema amina kama mtu aliyekuwepo.

Kila Ijumaa jioni tunasogeza meza za bwalo ukutani, tunakaa, na kila mmoja anasimama kueleza Mungu amemtendea nini wiki hiyo. Sote tunaitikia, "Utukufu kwake!" Dada mkuu hakosi jambo. Wiki iliyopita alipoteza ufunguo wa sanduku, akaomba, akauona ndani ya kiatu. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema nina kikohozi.

Matroni akaniita baadaye. Akasema, "Mwanangu, maisha yasiyo na ushuhuda ni taa iliyofunikwa kwa sufuria." Nimelifikiria sana neno hilo. Mimi nilisoma, nikala, nikalala. Mungu nimtukuze kwa lipi hapo?

Wewe ni mtu mzima, na unakwenda kanisani bila kusukumwa na Mama. Nieleze unafanyaje.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 11 Februari

Profesa wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya gunia la unga, sasa ina alama za vidole vyeupe kila kona. Unaniuliza mimi habari za kumtukuza Mungu? Umekosea mlango, mama. Hapa tunauza mikate.

Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakujibu. Jioni, kabla sijafunga mlango, nachukua kikombe cha maji na kidonge changu. Nasimama pale kizingitini, nameza, halafu nasema, "Utukufu kwako kwa siku ambayo sikuanguka." Basi. Asubuhi nakanda kinyunya, na kikikubali mkono nasema tena. Ndiyo dini yangu yote, ukitoa Jumapili. Siwezi kuisimamia bwaloni, nitachekwa.

Tangu niliposhika dawa hizi sawasawa, kifafa kimenipa nafasi. Hata Mama siku hizi hatembei nyuma yangu kama kivuli. Bosi bado hataki nisogelee tanuri. Ana haki, mtu wa kuanguka na moto hawakai chumba kimoja. Kwa hiyo nakanda, napima, nafunga mikate kwenye karatasi. Ila sikufichi, natamani. Mkate ukitoka motoni unalia, unajua? Ganda linapasuka taratibu, tii, tii, tii. Mimi nausikia nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Usilazimishe ushuhuda. Ukikosa la kusema, kohoa tu.

Kaka yako wa unga

---

Bwenini, 25 Februari

Kaka,

Nimepata!

Mchungaji wa nyumbani ameandika shuleni kwetu kuomba watoto wa kanisa walio mbali wapeleke ushuhuda kwa maandishi, usomwe Jumapili ya Vijana. Kwa maandishi, Kaka! Bila kusimama, bila kukohoa. Nimekaa maktaba tangu mchana. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama naandika Agano la Tatu.

Nimeandika juu yako. Sikuambii zaidi, utasikia mwenyewe. Nilipomaliza nililia kidogo, na nadhani kwa mara ya kwanza nilisali kweli. Naona sasa nimefunua sufuria.

Kaa benchi la mbele.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 12 Machi

Profesa,

Nilikaa benchi la mbele.

Mchungaji alisoma vizuri, unamjua na sauti yake ile. Alipofika pale ulipoandika, "Kaka yangu alikuwa akianguka kama mti uliokatwa. Leo amesimama, na hakuna mkono wa mwanadamu uliomsimamisha," kanisa zima likalipuka. Vigelegele, makofi, wazee wamesimama. Mama alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Mchungaji akanivuta mbele, akasema, "Mtazameni! Mtazameni!" Wakanitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Bosi alikuwepo. Akanikumbatia, akasema, "Kumbe ulipona na mimi nakuficha nyuma ya ukuta?" Kesho yake akanikabidhi koleo la tanuri. Ndiyo, Profesa. Natoa mikate. Nausikia ule mlio puani kabisa, kama masikio yamehamia huko.

Kisha yule fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya akaniletea binti yake. Hujamwona, ni kadogo, kana miaka kama minne, nako kanaanguka. Akaniomba nikawekee mkono. Nilitaka kumwambia jambo, lakini mchungaji alikuwa ubavuni kwangu anasema, "Mwekee, mwekee." Nikaweka.

Sina ugomvi na wewe. Nakuuliza tu kama ndugu: vidonge vilikwenda wapi? Nilisikiliza mpaka mwisho, nikidhani viko ukurasa wa pili.

Kaka yako

---

Bwenini, 20 Machi

Kaka mpendwa,

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula! Tanuri! Unaona sasa? Unaona Mungu anavyofanya tukimtukuza?

Kuhusu vidonge, usikasirike. Vilikuwepo. Nilikuwa nimeandika, "Mungu amemsimamisha kaka yangu kwa vidonge vidogo vyeupe anavyomeza kila jioni." Nikamsomea mwenzangu wa kitanda cha juu. Akacheka, akasema, "Huo ni ushuhuda au tangazo la duka la dawa?" Nami nikaona ni kweli, sentensi ilikuwa inapanda vizuri halafu inajikwaa kwenye vidonge. Nikavitoa. Sikutia chumvi hata chembe, Kaka. Nilipunguza tu. Niliogopa kwamba nikivitaja, watu watavisifu vidonge na Mungu abaki na makombo.

Halafu nimewaza jambo. Wewe mwenyewe umesema hujaanguka siku nyingi. Nani ajuaye kama hujapona kweli? Labda ulishapona zamani ila huna habari. Sisi wa kwetu tunapenda kushika fimbo hata baada ya mguu kupona. Kuwa na imani, Kaka.

Nisalimie fundi na mtoto wake.

Mdogo wako

---

Nyumbani, 2 Aprili

Profesa,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara nyingi, unaandika vizuri kuliko mchungaji.

Kazi nyingi. Nikitoka kazini watu wananisimamisha njiani kunishika mkono. Jana mzee mmoja kanishika kwa mikono yote miwili, akasema mimi ni barua ya Mungu iliyo wazi. Nikamwambia mimi ni mtu wa mikate. Akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Huenda umesema kweli kuhusu fimbo. Nitaona.

Kaka yako

---

Nyumbani, 21 Aprili

Mwanangu,

Sijui kuandika kwa mapambo, kwa hiyo nakuambia moja kwa moja. Kaka yako yu hai.

Alianguka kazini mbele ya tanuri. Mkono wa kulia ulilala juu ya trei ya moto mpaka bosi alipomvuta. Ngozi imetoka kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Hospitali wamemfunga, wamesema mkono utapona lakini hautakuwa kama ule wa kwanza.

Daktari akaniuliza, "Alikuwa anameza dawa?" Nikasema, "Daktari, huyu hakosi." Nikarudi nyumbani kuchukua nguo zake. Ndani ya koti la kazini nikakuta vidonge vya mwezi mzima. Hajagusa hata kimoja.

Nilimuuliza kwa nini. Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Mama, kanisa zima lilipiga vigelegele." Mimi nami nilipiga vigelegele, mwanangu. Nilijua ana dawa, nilimnunulia kikombe kile mimi mwenyewe, na bado nilipiga. Kwa hiyo sikugombezi wewe peke yako.

Nimempeleka kwa Bibi yako apumzike, hapa wageni wamezidi. Wengine wanakuja kumuuliza ametenda dhambi gani.

Mwandikie huko.

Mama yako

---

Bwenini, 28 Aprili

Kaka yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naona nimeandika sentensi nzuri, nikaichana. Sitaki kukuandikia sentensi nzuri.

Nilijua. Uliniandikia kuhusu kikombe na kidonge na mlango. Uliniambia wazi jinsi unavyomtukuza Mungu, nikaisoma, nikaona ni ndogo mno. Nikatafuta iliyo kubwa zaidi, nikaitengeneza mwenyewe. Na ulipouliza vidonge viko wapi, bado nilikuwa na nafasi ya kukwambia nimekosa. Badala yake nikakuambia uwe na imani. Mimi, ambaye nilikuwa nimekwambia sijui hata kusali. Ulimi hauna mfupa, na kalamu ndiyo kabisa.

Ijumaa iliyopita zamu yangu ilipofika nilitoka nje, nikasimama karibu na bomba. Matroni alinifuata. Sikuweza kumweleza.

Nimeamua hivi: nitaomba ruhusa nije, nisimame kanisani Jumapili, mbele ya watu wote, niseme nilivyofanya. Nitaomba radhi kwako hadharani, kama nilivyokusema hadharani. Niambie ni Jumapili ipi.

Nisamehe, au usinisamehe sasa. Lakini nijibu.

Mdogo wako

---

Kwa Bibi, 9 Mei

Profesa,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Bibi anasema ni kama kuku amekwenda sokoni akarudi. Kwa hiyo nitakwenda polepole.

Usibebe mzigo wote, si wako peke yako. Ulinisukuma lakini miguu ilikuwa yangu. Nililitaka lile tanuri. Nilijua bosi akisikia habari ya vidonge atanirudisha nyuma ya ukuta. Na nilitaka iwe kweli, elewa hilo. Kila jioni nilikishika kidonge pale mlangoni, nikaona kama namwambia Mungu, "Watu wako wamekusifu bure." Nikakirudisha mfukoni. Nikadhani namtetea.

Sasa sikiliza. Hapana. Hutasimama kanisani. Umeshanisimamisha mbele za watu mara moja, inatosha. Ukija kuomba radhi kwa machozi, watapiga vigelegele tena, nami nitakuwa habari yako kwa mara ya pili. Mimi si habari, mdogo wangu. Kama kuna la kuwaambia, mchungaji nitamwambia mwenyewe nikiweza kumtazama.

Lakini yuko fundi cherehani. Bibi amesikia kwa watu kwamba aliacha kumpa mtoto dawa tangu siku ile niliyomwekea mkono. Sijui kama ni kweli. Mimi siko huko, na sina uso wa kumwendea. Nenda wewe. Usimwandikie. Wewe ukishika kalamu tu kitu kinapotea njiani. Nenda kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako, uweke vidonge mahali pake.

Habari zangu: nameza tena, kila jioni. Bibi ananisimamia kama askari. Yale maneno ya mlangoni bado hayajanirudia. Nameza kimya.

Usije kuniona kwanza. Nitakuambia siku.

Kaka yako

---

Nyumbani, 18 Mei

Kaka,

Nakuandikia yaliyotokea tu.

Matroni alinipa ruhusa ya siku chache. Nilimweleza yote. Hakusema neno kuhusu sufuria. Alinifungia mkate wa njiani, akasema nisichelewe kurudi.

Jana asubuhi nilikwenda kwa fundi. Hakuniuliza jina, alidhani nimeleta sketi ya kupunguza. Majoho ya kwaya yalikuwa yametundikwa nyuma yake, na mtoto alikuwa chini anacheza na vifungo. Ana jeraha jipya mdomoni.

Nikasema, "Shikamoo. Mimi ni mdogo wake yule kaka wa mikate. Mimi ndiye niliyeandika ushuhuda."

Akasimamisha cherehani. "Marahaba. Umekuja kunieleza kwa nini kaka yako ameanguka na mwanangu ameanguka?"

"Ameanguka lini?"

"Juzi. Hapo hapo uliposimama."

Nilikuwa nimejifunza maneno yangu yote njiani, yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba kaka yangu alikuwa anameza dawa kila siku wakati ule wote, na ndizo zilizomsaidia, na mimi nilijua na nikazifuta.

"Kwa hiyo ulitunga," akasema.

"Sikutunga. Nilipunguza."

"Msichana, mimi ni fundi. Ukipunguza nguo mpaka haimwingii mwenyewe, umeiharibu. Usinichezee."

Nikasema ndiyo, niliharibu.

Alishika ncha ya kitambaa. Kisha akasema, kama anaongea na majoho yale wala si mimi: "Alipoanguka juzi nilidhani ni imani yangu iliyopungua. Nilifunga kula. Nilimuuliza Mungu, kwa nini yule kijana umempa na mwanangu umemnyima?"

Kaka, sijawahi kusikia swali kama hilo, na jibu lake nilikuwa nalo mimi tangu Februari.

Nilipiga magoti kuomba radhi. Akasema, "Inuka, unakanyaga kitambaa cha watu." Akavuta droo ya mashine, akatoa dawa za mtoto, zimebaki nusu. Akaniuliza kama anaweza kumrudishia tu hivi hivi. Nikasema sijui, labda kliniki wanajua. Akafunika cherehani. "Basi mbebe," akasema. "Tunakwenda wote. Utawaeleza wewe, maana mimi nitaonekana mama mjinga."

Kliniki ilikuwa imejaa. Tulipofika dirishani nesi akatazama kadi, akauliza kwa nini dawa ziliachwa. Fundi akasema, "Muulize huyu."

Nikasema, lakini kwa sauti yangu ile ndogo ya kawaida. Nesi akaweka mkono sikioni. "Sikusikii, mwanangu. Ongea."

Nikasema tena kwa nguvu, na watu wote wa kwenye mabenchi wakasikia. Nilisema, "Kuna mtu anameza dawa na zinamsaidia. Mimi niliandika kwamba Mungu amemponya bila dawa. Haikuwa kweli. Mama huyu akaamini, akaacha." Sikukutaja, Kaka. Sikulia pia, ingawa nilitaka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ala!" Nesi aliandika, akatuambia tukae tusubiri daktari.

Tulikaa. Fundi alikaa benchi lingine, na sikumlaumu. Mtoto alilala mapajani kwangu. Tulipoitwa nikambeba, nikaingia naye ndani.

Mdogo wako